Paa lililong'oka Kilwa: nilivyodai fidia ya bima mara ya pili

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na mistari sita. Ilinipa pole kwa maafa yaliyonipata, ikanitaarifu kwamba madai yangu yameshafanyiwa kazi, na kwamba nitalipwa shilingi 1,516,000. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya pili ya kusaini. Ukiisaini, umekubali kuwa hicho ndicho kiasi chote na hutadai tena kwa tukio hilo. Mimi nilikuwa nimedai 9,200,000. Fundi alikuwa bado ananidai hela yake ya ufundi, vyumba viwili havikuwa na dali, na kijana aliyeileta bahasha alikuwa amesimama barazani, kalamu mkononi, ananisubiri.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sisaini kitu ambacho sijakisoma kikaisha. Niachie."

"Mwalimu, wenzako wote wamesaini."

"Wenzangu wamesoma. Na mimi niache nisome."

Akaniachia. Nayasimulia haya kwa sababu tangu siku ile nimeshapigiwa simu na watu kadhaa wa huku kwetu na hata wa Lindi mjini, kila mmoja ana barua yake kama ile, na wengi wamenipigia wakiwa wameshasaini.

Nianze na paa lenyewe.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa inatutangazia kila siku habari za Kimbunga Hidaya kilichokuwa kinakuja pwani kutoka Bahari ya Hindi. Boti za kwenda Zanzibar zilisimamishwa. Sisi watu wa Kilwa Masoko upepo wa bahari tumeuzoea, lakini kimbunga kwetu kilikuwa jambo la kusimuliwa na wazee. Bibi yangu alikuwa hachoki kukitaja kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952, jinsi minazi ilivyolala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Tulimsikiliza kama tunavyosikiliza hadithi.

Alfajiri ya Jumamosi tarehe 4, umeme ukiwa umeshakatika, bati moja la pembeni, upande wa baraza inayotazama baharini, lilianza kupiga: ta, ta, ta, ta. Kisha likanyamaza. Nikadhani upepo umepungua, kumbe bati limeshakwenda. Yaliyofuata yalitoka kwa mkupuo, sauti yake kama mtu anapasua doti ya khanga karibu na sikio lako. Baada ya hapo nikaanza kusikia mvua ikipiga moja kwa moja juu ya dali. Niliwaamsha wanangu na mama yangu tukahamia chumba cha upande wa pili, tukakaa kwenye godoro moja mpaka kulipokucha.

Dali yangu ilikuwa ya jipsamu, na jipsamu haistahimili maji. Ile ya sebuleni ilianza kuvimba kwa chini, ikatuna kama kiriba, halafu ikadondoka vipande vipande juu ya makochi, unga mweupe ukageuka uji sakafuni. Kulipopambazuka nikatoka nje. Upande mzima wa mashariki wa paa ulikuwa wazi. Mabati mengine yalikuwa kwenye shamba la mihogo la jirani, mengine yamejikunja kwenye mwembe.

Kitu cha kwanza nilichofanya sawasawa, nashukuru, ni picha. Nilizunguka nyumba na simu kabla hatujaokota hata msumari, nikapiga kutoka nje kila pembe, nikaingia ndani nikapiga kila chumba. Fundi wangu, yuleyule aliyeliezeka paa hilo mwaka 2019, alifika kama saa tatu asubuhi. Alipanda juu, akakaa kimya muda mrefu, akashuka na kipande cha papi, ile mbao inayopigiliwa mabati, chenye urefu wa kama futi moja. Msumari ulikuwa bado umekaa ndani yake.

"Mwalimu, hiki kiweke ndani. Usikitupe."

Sikumuuliza kwa nini. Nilikiweka juu ya kabati la vyombo. Kitarudi baadaye katika habari hii.

Siku hiyohiyo nilipiga simu benki, maana bima yangu niliikata kupitia benki iliyonikopesha hela ya kujengea, na benki wakanipa namba ya kampuni ya bima. Nikapiga, kisha nikatuma na ujumbe wa maandishi wenye tarehe na picha tatu, ili asije mtu akasema sikutoa taarifa mapema. Wakaniambia watamtuma mkadiriaji wa hasara kutoka Dar es Salaam, na kwamba nisirekebishe chochote mpaka aje.

Mkadiriaji angepita wapi? Mvua za kimbunga zilikuwa zimeikata barabara ya Dar kwenda Lindi kule Somanga, magari yamekwama pande zote mbili. Mvua ilikuwa bado inanyesha nyumbani kwangu, ndani. Nikampigia simu binti wa marehemu dada yangu, anasoma uhasibu Dar, nikamtumia picha za kurasa zote za hati ya bima kwa WhatsApp. Alizisoma usiku kucha. Hati hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na mimi ni mwalimu wa Jiografia, Kiingereza nakijua, lakini hicho kilinishinda. Asubuhi akanipigia.

"Mama mdogo, humu wameandika kwamba mwenye mali anatakiwa achukue hatua za kuzuia hasara isiongezeke. Ukiiacha mvua iendelee kuingia, watakuja kusema umezembea. Funika. Ila usitengeneze."

Basi tukafunika. Turubai, kamba, mbao za kubania na vijana wawili wa kupanda, jumla 200,000. Duka la turubai lilinipa risiti ya EFD, na vijana niliwaandikisha kwenye karatasi, jina, kiasi na sahihi. Mkadiriaji alifika siku ya 16.

Alikuwa mtu mwungwana. Alimwamkia mama yangu, akampa pole, akanywa maji. Lakini alikaa dakika zisizofika 30 na juu hakupanda. Wakati huo turubai ilikuwa imefunika kila kitu, na yeye akapiga picha turubai. Aliniuliza nyumba ina thamani gani, nami nikampa nakala ya ripoti ya uthamini ya benki bila kufikiri mara mbili. Alipokwenda kwenye chumba cha stoo akainua uso, akaona doa la zamani la kahawia kwenye dali, akaandika kitu. Nilimwona akiandika. Sikuuliza, na hapo nilikosea. Mtu akiandika jambo kuhusu nyumba yako mbele yako, muulize anaandika nini.

Wiki tano zikapita, ikaja ile barua ya mistari sita.

Watu wengi wakipata barua kama ile wanafanya moja kati ya mawili. Ama wanasaini kwa uchovu, ama wanapiga simu kugomba: mmenionea, hela hii haitoshi hata mabati. Mimi pia nilikuwa tayari kugomba. Binti yetu ndiye aliyenizuia. "Mama mdogo, milioni moja na nusu haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu kaanza na milioni tisa akakata, akakata, akakata. Waambie wakuonyeshe kila walipokata." Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaomba vitu viwili: ripoti ya mkadiriaji, na mchanganuo wa hesabu. Sikuweka lalamiko lolote. Nikaituma kwa barua pepe na nakala kwa benki.

Mchanganuo ukaja, kurasa mbili. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nagombana na maamuzi matano, kila moja lina sababu yake, na si kila sababu ilikuwa mbaya.

Madai yangu yalikuwa hivi. Paa 5,600,000, ndani yake vifaa 4,200,000 na ufundi 1,400,000. Dali, rangi na nyaya za umeme zilizolowa 2,900,000. Usafiri wa vifaa kutoka Dar, karibu kilomita 300, laki tano. Turubai laki mbili. Wao walichukua paa peke yake, wakakata asilimia 40 kwa maneno haya: uchakavu na ufundi hafifu. Ikabaki 3,360,000. Dali wakaiandikia sifuri, kwamba maji yalikuwa yakivuja siku nyingi kabla ya tukio. Usafiri sifuri. Turubai sifuri. Kisha wakasema nyumba ina thamani ya milioni 75 na mimi nimeikatia bima ya milioni 45, kwa hiyo nastahili asilimia 60 tu ya hasara. Ikashuka hadi 2,016,000. Mwisho wakatoa kile kiasi ambacho kila mwenye bima anabeba mwenyewe, kwangu ni asilimia 10 ya madai au laki tano, kilicho kikubwa. Ikabaki 1,516,000.

Hiyo asilimia 60 ndiyo iliyoniuma kuliko zote, na ndiyo ninayotaka kila mwenye bima ya nyumba aielewe, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Ukiikatia nyumba bima kwa thamani pungufu, kampuni inakuhesabu kwamba sehemu iliyopungua umeamua kuibeba mwenyewe. Nyumba ya milioni 60 ukiikatia milioni 30, hasara ikiwa milioni 4 hulipwi milioni 4 ingawa ni ndogo kuliko hizo 30. Unalipwa mbili. Kipengele hicho cha uwiano kimo katika hati nyingi za bima za mali, na kwenye hati yangu kilikuwemo, ukurasa wa tisa. Mimi milioni 45 niliiandika mwaka 2019 kwa sababu benki walitaka bima itoshe kulinda mkopo. Baadaye nikaongeza chumba, nikamalizia baraza, bei ya saruji na nondo ikapanda, na kila mwaka nikawa nalipia ileile 45. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikusema. Ada yangu ilikuwa asilimia 0.2 ya thamani, kwa hiyo nyongeza ya milioni 15 ingekuwa 30,000 kwa mwaka, na VAT 5,400 juu yake.

Kwa hiyo kipengele chenyewe ni halali, na nilikubali hivyo katika barua. Lakini ile milioni 75 waliitoa wapi? Waliitoa kwenye ripoti ya uthamini niliyompa mkadiriaji kwa mkono wangu. Nikaifungua. Imeandikwa waziwazi, jengo milioni 60, kiwanja milioni 15, jumla milioni 75. Wao walichukua jumla. Bima yangu ni ya jengo. Kimbunga hakiwezi kuondoka na kiwanja, ndiyo maana hakuna anayekikatia bima ya upepo. Thamani ya kulinganisha ni milioni 60, na 45 kwa 60 ni asilimia 75. Mstari mmoja wa ripoti ambao mtu hakuusoma vizuri ulikuwa unakata asilimia 15 ya kila kitu.

Kwenye uchakavu nilisaidiwa na fundi. Hati yangu inalipa thamani ya mali kama ilivyokuwa siku ya hasara, kwa hiyo kukata uchakavu ni haki yao. Zipo hati nyingine zinazolipa gharama ya kurudisha kipya, na ada yake ni kubwa zaidi. Yangu si hiyo. Ila asilimia 40 kwa paa la miaka mitano, bati la geji 28 ambalo ni nene kuliko lile la geji 30 wanaloezekea wengi hapa, ilikuwa imetoka wapi? Na ufundi unachakaaje? Malipo ya fundi wa leo ni ya leo. Huwezi kumwambia fundi kwa kuwa paa la zamani lilikuwa na miaka mitano, basi na wewe nakulipa kwa uchakavu.

Hayo maneno "ufundi hafifu" yalimuumiza fundi wangu kuliko yalivyoniumiza mimi. Siku niliyomsomea, aliinuka akaenda mwenyewe kukichukua kile kipande cha papi juu ya kabati, akakiweka mezani.

"Angalia hapa, mwalimu."

Alinionyesha kwa kidole. Kama bati limetoka kwa sababu msumari ulilegea, msumari unachomoka peke yake, tundu linabaki kwenye mbao, la duara na laini, na mara nyingi jeusi kwa sababu maji yamekuwa yakiingia humo muda mrefu. Kipande kile hakikuwa hivyo. Msumari ulikuwa umeng'ang'ania ndani ya mbao, na mbao ndiyo iliyopasuka, nyuzi zake zimechanika na kusimama kama meno ya kitana, rangi yake bado mbichi na safi. Hapakuwa na weusi wowote. Upepo ulikuwa umeliinua bati, bati likauvuta msumari, msumari ukaenda na mbao. Akanieleza pia kwa nini lilianza pembeni: upepo ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ule unaoingia chini ya baraza unasukuma kutoka chini, kwa hiyo ukingo ndio unaopata nguvu mbili kwa wakati mmoja. Nimefundisha mambo ya upepo na mgandamizo mkubwa na mdogo wa hewa miaka 14, na sikuwahi kuyaona yakielezwa vizuri namna ile.

Tulikipiga picha kile kipande pande zote, rula ikiwa pembeni. Nikaambatanisha na taarifa za TMA za siku zile, ili suala la kama palikuwa na kimbunga lisiwepo kabisa mezani.

Dali ilihitaji ukweli zaidi. Kampuni walisema maji yalivuja siku nyingi. Hati inasema maji ya mvua yanalipiwa pale yanapoingia kupitia tundu lililofunguliwa na upepo wenyewe. Sebule na vyumba viwili vilikuwa chini ya sehemu iliyong'oka, na nilikuwa na picha za Idi ya mwezi uliotangulia, ndugu wamekaa sebuleni, dali juu yao nyeupe pe. Hizo ndizo zilizonisaidia kuliko barua yoyote. Lakini stoo haikuwa chini ya sehemu iliyong'oka. Doa lile la kahawia lilikuwepo kweli, tangu mwaka 2022, pale kofia ya paa ilipokuwa na ufa, na mimi nilijua. Nilikuwa nimeiweka stoo kwenye madai pamoja na vyumba vingine kwa sababu fundi wa dali alitoa bei moja ya nyumba nzima. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Mama yangu aliponiuliza kinachonisumbua nikamwambia, naye akanijibu kwa ufupi, "Itoe. Si yako." Nikaitoa pamoja na kipande cha ukumbi kilichokuwa katika hali ileile, na dai la dali likashuka kutoka 2,900,000 hadi 2,100,000. Katika barua nikaandika waziwazi kwamba sehemu hiyo mkadiriaji aliona sawa.

Naamini kabisa kwamba ile aya ndiyo iliyobadilisha namna walivyoisoma barua iliyobaki. Mtu wa ofisini akiona umekubali lile la haki, halichukulii lile unalolipinga kama kelele.

Usafiri sikuwa na la kusema. Mwenye lori alinipa namba ya simu na shukrani, risiti hakunipa. Laki tano hizo nilizipoteza kwa kutodai risiti, basi.

Turubai niliidai kwa kunukuu sentensi yao wenyewe, ile ya kuzuia hasara isiongezeke. Huwezi kumwamuru mtu afanye jambo katika ukurasa wa sita, kisha ukatae gharama yake.

Barua yote ikawa kurasa tatu. Mwishoni niliweka jedwali dogo la hesabu zangu ili msomaji asipate kazi ya kutafuta, na nikataja kiasi kamili ninachodai. Nikawapa siku 21. Nikaomba jibu kwa maandishi. Na ile karatasi ya kusaini nikairudisha kama ilivyokuja, bila sahihi.

Siku 21 zikapita kimya. Nilipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa faili liko kwa meneja, mara ya pili meneja yuko safari. Kila simu nikaiandika kwenye daftari: tarehe, saa, na alichosema aliyepokea.

Hapo ndipo nikaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wengi hawajui kwamba ofisi hiyo ipo. Ipo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, sheria ileile inayoipa nguvu TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini. TIRA inasimamia kampuni kwa ujumla wake, zipate leseni, zifuate taratibu. Msuluhishi anasikiliza ugomvi wako wewe na kampuni yako. Hatozi kitu, na huhitaji wakili. Anachotaka kwanza ni kuona kwamba umeshalalamika kwa kampuni yenyewe, na kwamba wamekukatalia au wamekaa kimya. Kwa hiyo barua yangu ya kurasa tatu, barua pepe zenye tarehe na lile daftari la simu ndivyo vilivyofungua mlango. Mtu aliyegomba kwa simu tu angefika pale mikono mitupu.

Sikufika hata kwenye kusikilizwa. Kampuni walipopata taarifa ya lalamiko, mkadiriaji mwingine alitumwa, mwanamama. Alikuja na ngazi yake. Paa jipya lilikuwa limeshaezekwa kufikia hapo, lakini nilikuwa nimeyalimbika mabati ya zamani nyuma ya nyumba pamoja na mbao zilizovunjika, na sikuwa nimekubali kumuuzia mtu wa chuma chakavu ingawa alipita mara tatu. Alipima, akageuza bati moja baada ya jingine, akaangalia matundu. Nilipompa kile kipande cha papi alikishika mkononi muda, akakipitisha kidole kwenye zile nyuzi zilizochanika, akamuuliza fundi wangu maswali mawili ya ufundi, fundi akajibu. "Sawa," akasema. Hakusema zaidi.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Uchakavu asilimia 20, kwa vifaa peke yake. Vifaa vikawa 3,360,000 na ufundi wote 1,400,000. Dali 2,100,000. Turubai 200,000. Jumla 7,060,000. Uwiano asilimia 75, ikawa 5,295,000. Wakatoa asilimia 10 yangu, 529,500. Ikabaki 4,765,500.

Binti yetu alinifanyia hesabu nyingine ambayo sikuiomba. Kama ningekuwa nimeikatia nyumba bima ya milioni 60, ningelipwa 6,354,000. Tofauti ni 1,588,500, kwa sababu ya ada ya 35,400 kwa mwaka ambayo sikuilipa. Nimeiandika hesabu hiyo kwenye jalada la hati mpya. Mwaka huu nimeikata kwa milioni 60, jengo peke yake, na nimemwambia ofisa aandike hivyo, neno "jengo", kwenye jedwali.

Lilibaki jambo moja ambalo sikulitegemea. Kwa kuwa benki ndiyo iliyoshika hati ya kiwanja, hati ya bima inaitaja benki kuwa wa kwanza kupokea fidia. Hundi ingeweza kwenda moja kwa moja kupunguza mkopo, na mimi nibaki na deni la fundi. Ilinibidi niandike barua tena, safari hii kwa meneja wa tawi, nikiambatanisha picha za paa jipya na risiti zote, niombe fedha ziingie kwenye akaunti yangu kwa kuwa ukarabati umeshafanyika na dhamana yao imerudi kuwa nzima. Meneja alituma mtu kuja kuangalia, akarudi, akaidhinisha. Ilichukua siku nane.

Nilisaini karatasi ya kukubali malipo nikiwa pale benki, baada ya kuisoma mara mbili na kuhakikisha tarakimu ni 4,765,500. Fedha ziliingia Jumanne. Jioni hiyo nilimlipa fundi salio lake lote, na akaniomba kile kipande cha papi akawaonyeshe vijana anaowafundisha kazi.